Damu ya Mkwe

Wegesa alikuwa na mikono myepesi ya kuchambua pamba. Alikaa juu ya jamvi, akaweka rundo mbele yake. Mkono wa kulia ulitupa pamba safi upande huu. Mkono wa kushoto ulitupa fifi, pamba chafu, upande ule. Mnunuzi wa pamba alizoea kumtania.

"Mama Gati, fifi yako wewe ni safi ya watu wengine."

Kila mtu alimwita Mama Gati, kwa jina la binti yake wa kwanza. Aliishi na mume wake, Wanzagi, katika kijiji kipya cha ujamaa karibu na Guta. Mwana wao Silasi alikuwa ameoa. Yeye na mke wake Kija walijenga nyumba yao mle mle uani. Gati alikuwa ameolewa na Mniko, fundi wa baiskeli wa Manyamanyama, pale Bunda.

Mwaka huo mikono ya Wegesa ilianza kuwa mizito. Alichambua kidogo, akapumzika. Akienda kisimani, moyo ulimdunda kama mtu aliyekimbia. Miguu ilivimba. Kucha zake zikawa nyeupe. Tena alishikwa na hamu ya ajabu. Akiwa peke yake alibandua udongo wa ukutani, akautafuna.

"Mama Gati, wewe ulikuwaga mtu wa kazi," alisema Wanzagi. "Sasa unataka kuzeeka kabla yangu?"

"Nimechoka tu, Baba Gati. Mvua zikija nitapona."

"Mvua ziko mbali. Mimi naona umepungukiwa damu. Tutalitoa dume damu."

Wanzagi alijua dawa ya baba zake. Alilifunga dume kamba shingoni mpaka mshipa ukajitokeza. Akaupiga kwa mshale mfupi. Damu ikaruka, akaikinga kwa kibuyu, kisha akalifungua dume likaenda kula majani. Damu ile aliichanganya na maziwa. Tangu zamani ilikuwa chakula cha mzazi na cha mtu aliyeumia.

Wegesa alikunywa. Alikunywa tena wiki iliyofuata. Alimwomba Mungu asubuhi na jioni. Lakini Jumapili moja, kanisani, watu waliposimama kuomba, yeye alianguka.

Gati na Mniko walipata habari siku ile ile. Mniko aliomba nafasi kwenye lori la pamba lililokuwa linakwenda Musoma. Wegesa aliketishwa mbele, karibu na dereva, Gati akamshika. Wanzagi na Mniko walipanda nyuma, juu ya magunia.

Dereva alishangaa. "Fundi, mbele bado pana nafasi. Mbona unaenda kuungua jua?"

"Yule ni mama mkwe wangu," alijibu Mniko, na akageuza uso upande wa nyuma.

Dereva alielewa. Kwao, mkwe wa kiume hakai karibu na mama wa mke wake. Hamshiki mkono. Hamtazami usoni. Wakikutana njiani, mmoja huacha njia akaingia majanini mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima, nayo ilikuwa imekaa katikati ya Wegesa na Mniko tangu siku ya mahari.

Hospitalini Musoma walipokelewa na muuguzi mmoja mnene, mcheshi, jina lake Jeska. Kwao ni Suguti. Alivuta chini ngozi ya jicho la Wegesa, akatazama. Kisha akatazama kucha na ulimi.

"Mama, unakulaga udongo?"

Wegesa aliona haya. "Nani amekwambia?"

"Macho yako yameniambia. Usione aibu, mwili unatafuta kitu ulichopungukiwa."

Walimpima damu na choo. Daktari alikuja na majibu. Damu ya Wegesa ilikuwa imebaki kidogo sana, na moyo ulikuwa unachoka kuisukuma. Tumboni alikuwa na minyoo ya safura, inayonyonya damu. Dawa ya minyoo ipo, alisema daktari, lakini mgonjwa hawezi kusubiri. Lazima aongezwe damu.

Wanzagi aliposikia hayo alitoka nje. Alirudi akiwa na kitu amekifunga kwa shuka. Kilikuwa kibuyu.

"Sista," alimwambia Jeska, "damu ninayo. Nilijua mtaitaka. Ni ya dume langu jekundu, halijawahi kuugua."

Jeska alifungua kibuyu, akanusa, akakifunga.

"Baba Gati, dume lako ni zuri. Lakini mgonjwa akinywa damu hii, tumbo linaisaga kama linavyosaga nyama. Inakuwa chakula. Haiendi kwenye mishipa ikawa damu."

"Basi imwageni kwenye mishipa."

"Hapo tutamuua. Ng'ombe ana damu ya ng'ombe. Mtu anataka damu ya mtu. Tena si ya mtu yeyote. Njoo nikuonyeshe."

Alimpeleka maabara. Wanzagi alitolewa damu kidogo. Tone lake lilichanganywa na damu ya mke wake juu ya kioo. Muda si mrefu, damu ikaanza kukatika vipande vipande.

"Unaona?" alisema Jeska. "Ni kama umetia maziwa mabichi kwenye chombo chenye maziwa yaliyochacha. Yamegandana. Damu yako ikiingia kwa mama, itafanya hivyo hivyo ndani ya mishipa yake."

Wanzagi alitazama kioo kwa muda mrefu. "Miaka yote tumekula chungu kimoja," alisema. "Kumbe damu zetu hazisalimiani."

"Si kosa lenu. Kila mtu amezaliwa na kundi lake la damu. Ndoa haibadilishi."

Silasi alikuwa amebaki nyumbani na homa ya malaria, kwa hiyo hakufaa. Gati alitaka kutoa damu, lakini alikuwa mjamzito. "Wewe na mtoto wako mnaihitaji," aliambiwa. Jioni ile Wegesa alilala akipumua kwa shida, akisikia miguu ya watu ikipita barazani.

Kesho yake asubuhi Gati alikuja kitandani. Uso wake ulikuwa na furaha, lakini macho yalitazama chini.

"Mama, damu imepatikana. Wameipima, imepatana na yako."

"Bwana asifiwe. Ya nani?"

Gati alikunja ncha ya kanga yake. "Ya Mniko."

Wegesa aligeukia ukuta.

"Wameshamtoa?"

"Bado. Wanangoja ukubali."

"Mwambie arudi Bunda akatengeneze baiskeli."

"Mama."

"Gati, hebu fikiri. Damu yake ikiingia ndani yangu, atakuwa mtoto wangu. Na wewe ni mtoto wangu. Mtakuwa ndugu. Ndugu wanalala nyumba moja? Hilo tumbo lako litakuwa la nani?"

Gati alianza kulia. Wanzagi, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, alikohoa.

"Wazee wa ukoo wanaweza kusema ndoa imekufa," alisema polepole. "Watataka ng'ombe wa mahari warudi kwa kina Mniko. Na ng'ombe wale tuliwatoa mahari ya Kija. Wakidaiwa, nyumba ya Silasi nayo inabomoka."

"Umesikia?" Wegesa alimwambia binti yake. "Siwezi kupona kwa kuvunja nyumba mbili. Afadhali mnizike."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mama anayegawa chakula na kujinyima yeye. Gati aliinuka. Alikwenda kumwita Jeska.

Jeska alikuja, akakaa pembeni mwa kitanda. Alisikiliza yote. Hakucheka.

"Hata kwetu Suguti tunaheshimu wakwe," alisema. "Sikuja kukwambia uache heshima. Nakuuliza jambo moja. Umeshapasua mfupa wa ng'ombe ukanyonya uboho?"

"Nani hajanyonya?"

"Ukipasua mfupa wa ndama, uboho wake una rangi gani?"

Wegesa alifikiri. "Mwekundu. Kama damu imelala mle."

"Imelala, tena imezaliwa mle. Uboho ndio kiwanda cha damu. Mungu alikificha ndani ya mfupa, mahali pagumu, kisichezewe. Kila siku uboho wako unatengeneza damu mpya, na kila siku damu iliyozeeka inakufa. Chembe ya damu haimalizi mwaka. Inaishi kama miezi minne, basi."

"Hata ya Mniko?"

"Hata ya Mniko. Tukikupa damu yake, itafanya kazi mwilini mwako, itazeeka, itakufa. Lakini kiwanda ni chako. Uboho wako haujui kutengeneza damu ya Mniko, unajua yako tu. Wakati wa kupanda pamba ukifika, ukitafuta tone la Mniko humo ndani hutalipata."

Wegesa hakuishia hapo. Alikuwa mtu wa kuuliza mpaka mwisho. Hata darasani jioni, kwenye kisomo cha watu wazima, mwalimu alimjua kwa hilo.

"Na hiyo miezi ambayo bado imo?"

"Miezi hiyo damu inabeba pumzi, inaipeleka mwilini. Ni kazi hiyo tu. Haigusi kizazi. Haigeuzi mtu akawa mwana wa mtu."

Wanzagi alivuta kigoda karibu.

"Sista, nami niulize. Nikiazima ng'ombe wa plau kwa jirani, anakuja kwangu, analala zizini kwangu, anakula majani yangu, analima shamba langu. Msimu mzima. Ng'ombe huyo ni wa nani?"

"Wa jirani."

"Mimi na jirani tumekuwa ndugu?"

"Hapana. Mmebaki majirani."

Wanzagi alimgeukia mke wake. "Mama Gati, hii damu ni ng'ombe wa plau. Inakuja kulima, inaondoka. Wazee wakiuliza wataniuliza mimi, maana mahari niliipokea mimi. Nitawajibu hivyo hivyo. Anayebisha aanze kwanza kuwaita wanawe watu wote aliowahi kuwaazima ng'ombe."

Midomo ya Wegesa ilitikisika. "Umemfanya mkwe wako ng'ombe."

"Ng'ombe mzuri. Shingo nene."

Gati alicheka huku machozi hayajakauka. Wegesa alifumba macho. Wote walijua anaomba, wakanyamaza. Wanzagi hakuwa amebatizwa, lakini alivua kofia.

"Baba," Wegesa aliomba kwa sauti ndogo, "nilikuomba uzima. Sikujua utaupitisha wapi. Kama wewe uliujenga mfupa ukaweka damu ndani yake, basi unajua zaidi yangu. Nimekubali njia yako. Umlinde huyu kijana asipate madhara. Na nyumba yake uisimamishe. Amina."

Akafumbua macho. "Sista, lakini nisimwone. Na yeye asinione nimelala."

"Yuko chumba kingine kabisa. Kitakachokuja hapa ni chupa."

Mniko alitolewa damu asubuhi ile. Gati alikuwa karibu naye, akarudi kumsimulia mama yake.

"Wale watu wa kwenye benchi walimtisha. Walimwambia hapa kuna mumiani, atanyonywa mpaka akauke. Akawaambia, 'Mimi nilisukuma baiskeli yenye pancha kutoka Butiama na mzigo juu. Wakinimaliza kwa chupa moja, basi sikuwa mtu.' Amelala, wamemtoa, ameamka. Wamempa chai ya maziwa na mkate. Amemaliza, anauliza kama ipo nyingine."

"Haoni kizunguzungu?"

"Sista amemwambia apumzike na anywe maji mengi. Mwili wake utaijaza wenyewe damu ile, polepole. Yeye ana kiwanda chake."

Chupa ililetwa. Jeska alisoma jina na kundi la damu lililoandikwa juu yake. Muuguzi wa pili naye akasoma. Walimwuliza Wegesa jina lake, ingawa walilijua. Wegesa, aliyeanza kujua kusoma, alinyoosha shingo akaliona jina lake kwenye karatasi ile.

"Mbona mnarudia rudia?" aliuliza Wanzagi.

"Kwa sababu chupa ya mtu mwingine ni hatari," alisema Jeska. "Hapa bora kuchelewa." Kisha akamwambia Wegesa, "Mama, ukisikia baridi ya kutetemeka, mwasho, mgongo kuuma au pumzi kubana, niite palepale. Usivumilie kwa adabu."

Sindano iliingia mkononi. Damu ilianza kushuka tone moja moja, taratibu, kwa sababu moyo wake ulikuwa dhaifu. Wegesa alihisi ubaridi ukipanda mkononi. Alitazama matone. Yalikuwa mekundu kama damu ya mtu yeyote.

Baadaye kidogo alisikia mwasho shingoni. Akanyamaza. Hakutaka kusumbua, na moyoni aliogopa kwamba mwasho ule ndio aibu yenyewe inaanza. Kisha akakumbuka aliyoambiwa.

"Sista, nawashwa."

Jeska alisimamisha matone mara moja. Alimpima joto na mapigo ya moyo, akamwita daktari. Walimtazama vizuri, wakampa dawa, wakangoja. Mwasho ulipoisha, daktari aliruhusu waendelee, polepole zaidi.

"Ni vipele tu, vinatokea kwa wengine," alisema Jeska. "Umefanya vizuri kusema. Mwingine ananyamaza mpaka anazidiwa."

Siku mbili baadaye Wegesa alikaa mwenyewe kitandani. Midomo yake ilikuwa na rangi. Alimwambia Gati anatamani samaki furu wa kuchemsha, wenye ndimu. Gati alikimbia sokoni kabla mama yake hajabadili mawazo.

Wegesa alipopata nguvu, alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu. Hapo Jeska aliwaketisha yeye na Wanzagi.

"Damu tumeongeza. Lakini mkirudi na kuishi kama zamani, minyoo itainywa tena. Nyumbani mna choo?"

"Kipo," alisema Wanzagi. "Tulichimba tulipohamia kijijini. Bwana afya alituamuru."

"Nani anakitumia?"

Wanzagi alikuna kidevu. Wegesa ndiye aliyejibu.

"Anakitumia Kija, mke wa mwanetu. Sasa baba mkwe ataingiaje mahali anapoingia mke wa mwanawe? Haiwezekani."

"Na wewe?"

"Mimi namfuata mzee."

"Mnaendaga wapi?"

"Kwenye pamba."

"Na pamba mnaichuma na viatu?"

"Viatu ni vya kanisani," alisema Wegesa, na sauti yake ikapungua alipoanza kuona mambo yanapoelekea.

Jeska aliwaeleza. Minyoo ya safura hutaga mayai tumboni. Mayai hutoka na choo kikubwa. Yakianguka kwenye udongo wenye unyevu, yanaanguliwa. Watoto wa minyoo hawaonekani kwa macho. Mtu akikanyaga peku wanatoboa ngozi ya nyayo, wanaingia, wanasafiri mpaka tumboni, wanaanza kunyonya.

"Kwa hiyo nimeokota ugonjwa wangu shambani kwangu," alisema Wegesa.

"Mliupanda, mkauvuna. Lakini heshima yenu kwa wakwe ni nzuri. Haikuwaambia msiwe na choo. Iliwaambia muwe na viwili."

Wanzagi alimtazama yule muuguzi, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Viwili," alisema. "Kumbe ni jembe tu."

Waliporudi Guta alichimba shimo la pili kabla hata ya kwenda kuwatazama ng'ombe wake. Silasi, aliyekuwa amepona malaria, alimsaidia kutoa udongo. Choo cha wazee kilikaa upande wa zizi, cha vijana upande wa jiko. Vyote vilifunikwa, na kando ya kila kimoja kulikuwa na mtungi wa maji ya kunawa. Wanzagi alinunua makubadhi ya matairi, akayagawa kwa watu wote wa nyumba yake. Nyumba nzima walikunywa dawa ya minyoo. Wegesa alimeza vidonge vyake mpaka vikaisha, akala dagaa na mboga za majani kila siku. Hamu ya udongo ilimtoka bila yeye kujua ilitoka lini.

Majirani walikuja kutazama vyoo viwili, wakataniana, wakaenda kuchimba. Wazee wa ukoo nao walikuja, na swali lao lilikuwa lile lile alilolitarajia Wanzagi. Aliwaeleza habari ya uboho, kisha habari ya ng'ombe wa plau. Walibishana kwa muda. Mzee Makongoro, mkubwa wao, ndiye aliyemaliza.

"Wanzagi," alisema, "mimi nina ng'ombe wako mmoja, uliniazima kulima. Nikikurudishia, hatudaiani. Na damu ile, ikiisha mwilini, ni kama imerudi?"

"Imerudi, mzee."

"Basi ndoa ya Gati ipo, mahari isiulizwe. Mrudishe mkeo shambani."

Mvua zilikuja. Pamba ikapandwa, ikakua mpaka kiunoni. Asubuhi moja Wegesa alikuwa anatoka kupalilia, makubadhi miguuni, jembe begani. Mbele yake njiani aliwaona watu wawili wanakuja. Mmoja alikuwa Gati, amebeba mtoto mchanga. Wa pili alikuwa Mniko.

Wegesa aliacha njia palepale. Aliingia kwenye pamba, akageuza mgongo, akajifunika kanga kichwani.

Mniko naye alikuwa amemwona. Aliruka upande wa pili, akaingia kwenye mtama wa jirani, akageuza mgongo.

Gati alibaki katikati, peke yake na mtoto.

"Sasa hii njia," alisema, "mmemwachia nani?"

Pamba ilitikisika kwa kicheko cha mama yake. Kwenye mtama nako kulisikika kicheko, cha kujizuia.

"Shikamoo, mama," sauti ya Mniko ilitoka kwenye mtama.

"Marahaba, baba," alijibu Wegesa, akitazama majani. "Mwenyezi Mungu akubariki. Baba Gati yuko nyumbani, pita ukae naye. Uniachie mtoto."

Alisikia hatua za mkwe wake zikipita nyuma yake na kuondoka. Majani ya pamba yalimkwaruza mashavu. Hakuyaondoa. Alisimama pale akimshukuru Mungu, mpaka Gati akaja kumwekea mjukuu mikononi.